Kishikio cha Kushoto

...thelathini na moja, thelathini na mbili, usitikisike, thelathini na tatu, kibano kimeshika waya, waya umeingia kwenye tundu lake, na mimi nimeshika pumzi, maana karatasi ya gundi inasema uhesabu mpaka sitini bila kuachia, na sitini si nyingi, watoto wa darasa la kwanza wanafika sitini kwa pumzi moja ukiwaahidi kutoka nje mapema, thelathini na nne, lakini mkono wa mtu wa umri wangu una mambo yake, unatetemeka kidogo palepale usipotaka utetemeke, na nyuma ya mlango huu kaka yangu amekaa sebuleni na kikombe chake cha chai, anacheka, sauti yake inapenya ukuta kama vile ukuta ni pazia, ametimiza miaka sabini leo, wote wamekuja kwa ajili yake, na hiki ndicho kishikio cha mwisho, cha mbele upande wa kushoto, nikimaliza hiki sina kisingizio tena, nitafungua mlango nitoke na kichwa cha treni mkononi nimkabidhi, ndivyo tulivyopanga na binti yake, thelathini na... nimefika wapi, thelathini na ngapi, haya, anza upya, moja, mbili, tatu. Binti yake ndiye aliyekileta, wiki tatu zilizopita, kwenye boksi lenye dirisha la plastiki, injini ya dizeli ya kuchezea yenye urefu wa kiganja na nusu, imetoka dukani tayari, unaiweka relini inakwenda, akakaa kwenye kile kiti pale akasema Baba mdogo, wewe una mkono wa haya mambo, kitoe uduka huu, kiwe kilekile alichoendesha baba, Kumi na Tisa, akikiona tu amwage chai, na mimi nikacheka nikasema kwa chai ya mama yako hata bila treni itamwagwa, tukacheka wote, na alipoondoka nikabaki nakitazama, kizuri, kisafi mno, kinang'aa kama kiatu cha siku ya kwanza shuleni, na vishikio vyake si vishikio, ni vimatuta tu vya plastiki vilivyobandikana na mwili, havishikiki hata na sisimizi. Nne, tano, au nilishapita tano. Nikavikwangua vyote kwa wembe, kimoja kimoja, nikatoboa matundu kwa keekee nyembamba kama sindano, unaizungusha kwa vidole viwili taratibu, ukiharakisha inakatika, nimekata tatu, nikapinda waya wa shaba kwa koleo dogo, vishikio kumi na vinne, nikaweka mipira ya breki pale mbele, na vifuta vioo, nikampaka kofia ya buluu dereva wa plastiki aliyekaa ndani, nikachanganya unga wa mkaa na unga wa chaki nikaupulizia juu ya bomba la moshi mpaka paa likawa na masizi ya kweli, chaki ya ubao wangu mwenyewe, niliondoka shuleni na kipande mfukoni siku ya mwisho, si wizi, au ni wizi mdogo, na magurudumu nikayapaka rangi ya kutu ubavuni, ila la tatu nikalipaka mpaka pale linapogusa reli, na umeme wa kitu hiki unapanda kutoka relini kupitia hapohapo, kikagoma kwenda, siku nzima nikakaa nakwangua rangi niliyoipaka mwenyewe, mtu mzima, mwalimu mstaafu, nikajisemea haya, kaa chini ufanye masahihisho. Kumi na tano, tuseme kumi na tano.

Wanacheka tena huko. Ni shemeji, najua kicheko chake, kinaanza kama kikohozi, atakuwa amefika pale pa siku zote, kwamba huyu mume wangu, Bila Bendera huyu, hata siku ya kunichumbia alikuja bila kuitwa, na wote wataangua, na kaka atatikisa kichwa na kusema ningesubiri uniite mpaka leo ningekuwa bado stesheni, na mimi huwa nacheka pia, nikiwa pale huwa nacheka pamoja nao, hilo ndilo linalonikaa hapa, chini ya mbavu, kwamba huwa nacheka. Kumi na sita. Bila Bendera. Karakana nzima ilimwita hivyo, mpaka wapishi wa kantini, mpaka watoto wake mwenyewe walipojifunza kusema, dereva aliyeleta injini pasipo kupewa bendera, aliyekuwa na safari ndefu, usiku mmoja na mchana mmoja mpaka mwisho wa reli, akawekwa yadi kusogeza mabehewa, mbele hatua mia, nyuma hatua mia, miaka kumi na tisa, namba ileile ya injini yake, watu waliona hilo ni la kuchekesha pia. Picha mbili ziko hapa mbele yangu, zimeegemea kopo la rangi. Hii ya kwanza tumesimama mbele ya Kumi na Tisa, yeye na kofia, mimi mwembamba kama fimbo ya bendera yenyewe, wiki yangu ya kwanza kazini, mtoa ishara wa yadi, na bendera zangu mbili nimezikunja kwapani, nyekundu nje, kijani ndani, kama msimamizi wetu alivyotufundisha kwa kutuzungusha yadi nzima juani, akisema zikiwa kwapani nyekundu iwe nje siku zote, siku zote, kwa sababu dereva akikutazama anaona rangi, haoni akili yako, na rangi ikimwambia njoo atakuja. Nyekundu nje. Nilijua. Nilikuwa najua kama ninavyojua jina la mama yangu. Ishirini, ishirini na moja, gundi bado ni laini, naiona inang'aa pembeni ya tundu, usiangalie picha, angalia waya. Binti alisema nifuate hiyo ya kwanza, inapendeza zaidi, baba akiwa kijana, injini imenyooka, na hii ya pili tuiache, hii waliyopiga siku injini inastaafishwa, imechakaa, na kishikio cha mbele kushoto kimepinda kuelekea ndani kama mtu aliyepigwa kiwiko tumboni, mafundi walikigonga nyundo wakakichoka, wakasema si kinashikika, basi. Ni kweli kilishikika. Kaka alikishika kila siku kwa miaka kumi na tisa, alfajiri, mkono wa kushoto, akipanda, kiganja chake kinaijua ile kona kuliko kinavyolijua shavu la mke wake, na mimi nimekaa hapa nambandikia waya ulionyooka.

Mlango wa behewa. Ulikuwa unaning'inia wazi kando ya reli, bawaba moja imetoka, nikaona injini ikija itaukuta, nikasema nikaufunge haraka, mikono miwili ilihitajika na bega juu yake, nikazibana bendera kwapani, haraka, nikijua kaka amesimama kule mbali anasubiri nimpe ishara, na sikuangalia, ndiyo hiyo tu, sikuangalia ipi iko nje, kisha nikasikia dizeli inapanda sauti, na nikageuka, na Kumi na Tisa ilikuwa inakuja kwangu, haikuwa na mbio, ilikuja kwa utulivu wa kitu kilichoitwa vizuri, nikaruka, na mlango ukaingia kwenye ngazi na kwenye kishikio, sauti ile, kama kabati la vyombo limeanguka, nikiwa nimelala kwenye kokoto nikatazama kwapani kwangu. Kijani. Thelathini, sijui, thelathini. Nikazikunja upya pale pale chini, kabla sijainuka, kabla hata sijajua kama nimevunjika, nyekundu nje, vidole vyangu vilifanya hivyo vyenyewe, na mbele ya kamati nikasema nilikuwa kwenye nyenzo ya kubadilisha njia, hatua hamsini kutoka pale, bendera mkononi, sijampa ishara. Wakamgeukia kaka. Alikuwa amevua kofia ameiweka gotini. Akasema, sikuona bendera, nilikuja tu. Hivyo. Maneno manne, nimeyahesabu mara nyingi kuliko haya ninayohesabu sasa, na mimi nilikuwa wiki ya tatu kazini, kosa moja tu ningerudishwa nyumbani, na mwaka haukuisha niliacha mwenyewe, nikaenda chuo cha ualimu, watu wakasema reli imemtia hofu maskini, aliponea chupuchupu.

Na miaka yote hiyo sijajua. Hicho ndicho kinachonikosesha raha, si kosa peke yake, ni kutojua, je aliiona kijani akaimeza, au kweli hakuona chochote, alikuwa amechoka, akaja tu, mtu anaweza kuja tu, na kama hakuona basi tulikosea wote wawili, kosa limegawanyika, la kwangu linakuwa dogo, nimeishi ndani ya nusu hiyo kama mpangaji, naipaka rangi kila mwaka. Thelathini na tisa. Yule mtoto wa nywele za kusimama, darasa la tatu, aliyeangusha tufe la dunia likapasuka bahari kwa bahari, nikaingia nikauliza nani, na darasa zima kimya, nikasema hapa hatuogopi kosa, tunaogopa kulificha, sauti yangu nzuri ile ya mbele ya ubao, na akainuka, akasema, ni mimi, mwalimu. Nikawaambia wenzake wampigie makofi. Kisha nikaenda stoo nikasimama kati ya mifagio mpaka kengele ilipolia. Arobaini. Usitetemeke. Kibano kimeteleza? Hapana, kipo, waya umenyooka, umenyooka vizuri, hata mwenye duka angeshangaa, na mtu angeniuliza kwa nini hukukipinda ningesema nimefuata picha, binti mwenyewe alichagua, nani atanilaumu, hakuna, hiyo ndiyo shida ya kishikio hiki, hakuna atakayenilaumu.

Subiri. Anasimulia. Binti amemwomba, nasikia baba tuambie ile ya mlango, maana anataka kuwasha hadithi kabla sijatoka na zawadi, na kaka anaanza kwa ile sauti yake ya polepole, kwamba siku hiyo jua lilikuwa kali, reli zinachezacheza machoni, naijua yote, sasa atasema nikaja bila bendera, watacheka, arobaini na mbili, lakini hasemi hivyo, anasema na huyu mwalimu wenu basi, kijana wa juzi, ameuvamia mlango wa behewa, bega huku, mikono miwili, anausukuma kama anasukuma ng'ombe, na wanacheka, shemeji anakohoa kicheko chake, na mimi... mikono miwili. Nilikuwa kwenye nyenzo. Hatua hamsini. Ndivyo nilivyoandikisha, na ndivyo alivyokaa pale akasikia nikiandikisha, na hajawahi, mara zote alizosimulia, kila mkusanyiko, hajawahi kuniweka kwenye ule mlango, leo umri umemlegeza ulimi au chai, au furaha, na binti, mwenye akili kama ya mama yake, anauliza, nasikia kila neno, "Sasa baba, kama mikono yote miwili ilikuwa mlangoni, bendera aliishika na nini?"

Kijiko kimegusa kisahani. Feni inazunguka. Nina kibano mkononi na sipumui.

"Kunywa chai yako, mama, inapoa," anasema kaka.

Na shemeji anaingiza lingine la kuchekesha na maisha yanaendelea huko sebuleni, vikombe, viti, na mimi hapa, aliniona, kwa hiyo aliniona, aliona bega, aliona mikono miwili, mtu anayeona mikono kutoka mbali kiasi kile anaona kwapa, anaona rangi iliyo kwapani, aliitwa na kijani akaja kama alivyopaswa kuja, kisha akavua kofia akaiweka gotini, na hakuna nusu, haikuwahi kuwepo nusu, ile nyumba ya kupanga nimeijenga mwenyewe, na yeye amepanda kila alfajiri kwa mkono wa kushoto akishika kona niliyomtengenezea, wakamwita Bila Bendera na akaitika, akawaitikia watoto wake, akaniacha nicheke. Hata sasa amemfunga mtoto mdomo kwa chai, amenifunikia tena, leo tena, kwa kijiko tu. Hamsini na ngapi. Hatua za miguu, ni yeye, binti, anagonga mlango kwa kucha, taratibu, ananong'ona Baba mdogo, vipi, tayari? Wameanza kuuliza keki iko wapi.

"Bado kidogo, mwanangu," nasema, "upande wa kushoto nimeukosea."

Anasema haya, ila usichelewe, na miguu inarudi, na gundi bado haijashika, naiona, bado inang'aa, waya bado ni wangu, naweka kidole gumba juu yake, katikati, pale pale inapoonyesha picha ya pili, nausukuma ndani, pole pole, shaba haina ubishi, unapinda, zaidi kidogo, hapo, kama mtu aliyepigwa kiwiko tumboni, ndiyo, kiganja chake kitaujua kabla macho hayajajua, atainua uso anitazame, na shemeji atauliza kwa nini umempa kilichovunjika, na wote watakuwa wanasubiri, darasa zima kimya, na kibano kimeshika waya, na kaka anacheka huko nyuma ya mlango, anza upya, mpaka sitini, bila kuachia, moja, mbili, ni mimi, kaka, tatu, kijani ndiyo ilikuwa nje, nne...