Baka Lisilobadilika Rangi

Fundi cherehani alikuwa na siku tano tu za ubaba alipoanza kuhisi kwamba mtoto wake anabadilishwa kila yeye akitoka. Asubuhi alimwacha na uso laini. Akarudi mchana kutoka dukani, akakuta mashavu yamejaa madoa mekundu, kila doa na kichwa kidogo cheupe katikati, kama aliyeumwa na siafu. Jioni mashavu safi, madoa yako kifuani. Kesho yake kifua kimetulia, mgongo umewaka.

"Yanahama kama wapangaji," alimwambia mkewe.

Mkewe, ambaye mshono ulikuwa bado unamuuma, alicheka nusu akaacha. "Na miguu inabambuka ngozi, umeona?"

Alikuwa ameona. Ameona na vipele vyeupe puani, kama punje za chumvi. Kila aliyekuja kumtazama mtoto aliondoka ameacha la kwake. Jirani alisema ni joto, mvueni. Dada wa fundi akasema ni baridi, mvalisheni. Mteja aliyefuata suruali yake alilaumu sabuni. Fundi akamvua mtoto, akamvalisha, akamvua tena, mpaka mkewe akamuuliza kama anampima nguo.

Aliyekuwa hana wasiwasi ni mama mkwe peke yake. Alifika siku ya pili na begi moja, na tangu hapo kumwogesha mjukuu ikawa kazi yake, mlango umefungwa upepo usiingie. "Ngozi mpya hiyo," alisema. "Itaizoea dunia."

Siku ya saba mama mkwe alikuwa ametoka kwenda sokoni, mke amelala, mtoto akachafua nguo mpaka mgongoni. Fundi akaona asimwamshe mtu. Akamvua mwenyewe mpaka nepi, kwa mara ya kwanza, akamgeuza kifudifudi. Chini ya kiuno palikuwa na baka la buluu iliyoingia ukijivu, upana wa vidole vitatu. Damu imevilia!

Kwanza alidhani ni nguo imechuja, maana vitambaa anavijua. Akalipangusa kwa maji, halikutoka. Akalibonyeza taratibu. Mtoto akapiga mwayo.

Hapo akili zikamvurugika. Kama ameumizwa, mbona haumii? Kama hakuumizwa, damu imevilia kwa lipi? Na ni nani anayekaa na mtoto mlango ukiwa umefungwa? Swali hilo la mwisho alilifukuza, nalo likarudi na mkeka wake likakaa.

Hakumwambia mtu. Siku mbili alilivizia lile baka. Alama ya kugongwa anayoijua yeye hugeuka kijani, ikawa manjano, ikaisha. Hili lilibaki vilevile. Au mtoto anaumizwa upya kila siku? Alimtazama mama mkwe akimbembeleza mtoto, kiganja kimeshika kile kichwa kama kinachoshika yai, akaona aibu. Akikumbuka baka, hofu inarudi. Hakujua ashike lipi aache lipi. Dukani alishona mkono wa kushoto upande wa kulia, akafumua, akaurudisha palepale.

Siku ya tisa uvumilivu ulimwisha.

"Mama," alisema, macho chini kama inavyompasa mtu mbele ya mkwe, "samahani. Mtoto hajawahi kukuteleza wakati wa kuoga?"

Mama mkwe alisimama na taulo mkononi. "Kuteleza?"

"Kuna baka mgongoni. Nauliza tu."

"Unauliza tu." Alilikunja taulo mara mbili, akaliweka kitandani. "Nimeogesha wanangu sita na wajukuu tisa. Leo ndiyo naulizwa." Hakupandisha sauti. "Basi, baba, mwogesheni wenyewe."

Mke aliamka akamkuta mama yake anafunga begi na mumewe amesimama kama mtu aliyesahau alichokuwa akitafuta. Alipoelezwa, alimtazama huyu, akamtazama yule, naye akachanganyikiwa. Mwishowe akasema, "Haondoki mtu. Twende kliniki, wote."

Nesi, mwanamke mzima mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alimlaza mtoto mezani akampekua kama anayesoma barua. Vipele vyekundu, alisema, huja siku chache baada ya kuzaliwa, vinahamahama, vinaondoka vyenyewe. Msivitumbue, msivipake kitu. Vile vya puani navyo vitaisha. Anabambuka kwa sababu alikuwa majini miezi tisa. "Akipata homa, vipele vikitunga usaha, au akikataa kunyonya, hapo mkimbie kuja."

"Na hili?" Fundi alimgeuza mtoto, akaonyesha baka.

Nesi alivaa miwani yake. Alifungua kadi ya kliniki, akaweka kidole kwenye mstari ulioandikwa na mkunga siku ya kuzaliwa: alama ya kuzaliwa, buluu, chini ya mgongo. "Watoto wengi wa ngozi kama yetu huzaliwa nayo. Haiumi. Itafifia miaka inavyokwenda. Tunaiandika makusudi, baba, asije mtu akadhani mtoto kapigwa."

Kadi hiyo fundi aliibeba mwenyewe kutoka hospitali, wala hakuifungua.

Nje, kwenye benchi, alipiga goti. "Mama, nimekosa."

"Umekosa."

"Mbona hukuniambia amezaliwa nalo?"

"Uliniuliza kama nimemwangusha. Hukuniuliza amezaliwa na nini." Mama mkwe alimweka mjukuu vizuri begani. "Nami nilidhani unalijua. Mtu gani haujui mgongo wa mwanawe?"



Mama mkwe hakuondoka. Alikaa wiki tatu zaidi. Kila asubuhi alimwita fundi chumbani, akakaa pembeni, akamwamuru: shingo kwanza, maziwa hujificha huko; sasa makwapa; usimwogope, hayeyuki. Lakini tangu siku ile hakumwita "baba" tena. Alimwita "fundi," kama wateja wanavyomwita. Fundi alimuuliza mkewe kama ule ni utani au ni adhabu.

"Mimi nitajuaje?" mkewe alisema. "Muulize mwenyewe."

Hakuthubutu kuuliza.