Aliyetia Udongo

Mwalimu Gaudiosa alikuwa na miaka thelathini na tisa alipofanya jambo ambalo kwao Litembo mtu mzima halifanyi: alisafiri bila sababu. Hakuwa na msiba, hakuwa na mgonjwa, hakuwa na hata debe la maharage la kumpelekea ndugu. Kwa miaka kumi na sita alikuwa amewafundisha watoto wa darasa la nne kwamba huko chini, nyuma ya milima, liko Ziwa Nyasa lenye visiwa, samaki wa rangi, wafinyanzi wa vyungu na makanisa ya mawe. Yeye mwenyewe ziwa alikuwa akiliona kwa mbali tu, siku ambazo mawingu yamekubali. Basi likizo ya Juni mwaka 1995 akasema moyoni, nitakwenda kutazama. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imeachiwa kila mtu. Malori ya watu binafsi yalishuka Mbamba Bay kila wiki, na mitumbani alikuwa amepata begi zuri la mgongoni. Kilichobaki kilikuwa ni kwenda.

Kwenda kulikuwa rahisi. Kujieleza ndiko kulikomshinda. Kwenye lori utingo alimuuliza anakwenda kwa nani, akajibu, "Natembea tu." Lori zima likageuka kumtazama. Mbamba Bay mwenye nyumba ya wageni alimpima kwa macho kuanzia kitambaa cha kichwani mpaka viatu, akamwambia kuwa pale hawapendi mambo ya ajabu ajabu. Ndivyo tulivyo. Mzungu akikaa juu ya jiwe akatazama ndege, tunasema anafanya utafiti. Dada yetu akikaa juu ya jiwe lile lile, tunasema ameachika. Gaudiosa alianza kuona aibu kwa ajili ya ile hamu yake, kama mtu aliyekutwa jikoni anadokoa nyama, na alipopanda boti la kwenda kisiwa cha Chinyamba alikuwa ameamua kunyamaza kimya.

Ndani ya boti wanawake wawili walikuwa wakizungumza juu ya vyungu. Mmoja, Emerensiana, alilalamika kwamba chungu chake cha mwisho kimepasuka na hajui atapata wapi kingine, maana Mama Ottilia hajagusa udongo tangu mwanawe Frederick afariki kule Mbinga miezi saba iliyopita. Kijana alikuwa kibarua kwenye ghala la kahawa la wale wanunuzi wapya. Aliugua, akafa, akazikwa huko huko, kwa sababu mvua zilikuwa zimekata barabara na maiti haikuweza kushuka. Gaudiosa alisikia yote hayo na, tuseme ukweli, alichosikitikia zaidi kilikuwa vyungu. Alikuwa amekuja kuona vikifinyangwa.

Boti lilipogusa mchanga, mzee mmoja mwembamba aliyekuwa akianika usipa, dagaa wa ziwa lile, kwenye chanja aliwasogelea. Huyo alikuwa Urbani, mzee wa kanisa na shemeji yake Mama Ottilia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu, mama. Umefikia kwa nani?"

Hapo palikuwa na watu kama kumi na watano, na wote waligeuka kungoja jibu. Gaudiosa aliona macho ya utingo na macho ya mwenye nyumba ya wageni katika nyuso zile zote. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Nimekuja kuhani," akasema. "Kwa mama yake Frederick."

Urbani akavua kofia. "Umetoka Mbinga?"

Litembo iko Mbinga. Hilo halikuwa uongo. "Ndiyo."

"Ulikuwepo alipozikwa?"

Kichwa chake kikakubali kabla yeye hajakiruhusu.

"Kumbe ndiyo sababu alikaa kimya njia nzima," Emerensiana akasema kwa huruma. "Mtu ana mzigo moyoni, na sisi tunabwabwaja habari za vyungu." Akamtua begi, akalibeba yeye.

Njiani kuelekea nyumbani kwa mfiwa, baada ya kumuuliza jina na kazi yake, ndipo Urbani alipomweleza, kwa furaha ya mtu aliyeondolewa mwiba, kwa nini wamekuwa wakimngoja mtu kama yeye. Kwa ukoo wao mfiwa hanawishwi mikono na yeyote tu. Anayemnawisha ni mtu aliyetia udongo kaburini kwa mkono wake. Mtu huyo anakaa na mfiwa, anamsimulia jinsi marehemu alivyolazwa, kisha anammiminia maji. Bila hivyo mfiwa hashiki kazi ya mikono yake, na Ottilia ni mfinyanzi. Mikono ndiyo shamba lake. "Miezi saba, mwalimu. Tulituma salamu mara tatu, hakuna aliyekuja. Tukaanza kufikiri labda mtoto wetu alizikwa na watu wasiomjua hata jina."

Gaudiosa angeweza kusema pale pale. Njia ilikuwa nyembamba, walikuwa wao wawili na Emerensiana, aibu ingekuwa ndogo. Akajiambia atasema wakifika. Walipofika akamkuta mwanamke wa miaka sitini na kitu amekaa kwenye mkeka uani, mikono ameiweka mapajani viganja juu. Mama Ottilia alipoambiwa ni nani amekuja hakulia. Aliuliza tu, kwa sauti ya chini, "Umekula?"

Wakampa ugali wa muhogo na samaki mbasa mbichi aliyechemshwa kwa nyanya. Ukishakula chakula cha mfiwa, ukweli unakuwa mgumu maradufu. Baada ya chakula Mama Ottilia akajongea karibu.

"Niambie sasa, mwanangu. Usinifiche."

Gaudiosa akasimulia. Alipokosa la kusema juu ya Frederick, ambaye hakuwahi kumwona hata kivuli, alimpa mazishi ya baba yake mzazi. Akampa jeneza la mninga, na wanakwaya waliosimama kwenye manyunyu bila kuondoka. Akampa wanaume sita wa kubeba, waliopokezana mlimani. Akampa na msalaba wa saruji wenye jina lililochorwa kwa kijiti kabla haujakauka. Mama Ottilia alisikiliza huku midomo yake ikitembea, kama anayekariri. Na kwa kuwa yale mazishi yalikuwa ya kweli, machozi ya msimulizi nayo yalikuwa ya kweli, na hakuna aliyetia shaka. Hilo ndilo lililomtisha Gaudiosa: kwamba aliweza.

Kesho yake ilikuwa Jumapili, na akaonyeshwa kila alichokuja kukiona. Urbani alimtembeza. Kanisa la mawe lilikuwa pale pale kama alivyolichora ubaoni miaka yote, kuta nene, ndani pa baridi, madirisha ya vioo vyekundu na vya kijani ambavyo vingine vilikuwa vimeanguka na kuzibwa kwa mabati. Yeye ni Mkatoliki na wao ni Waanglikana, lakini walimkalisha benchi la mbele na mchungaji akamtaja kwa jina katika maombi, "dada yetu Gaudiosa aliyemsitiri mtoto wetu." Baada ya ibada alionyeshwa mikeka ikisukwa barazani, na msitu mdogo ambao hakuna anayekata kuni humo kwa sababu wazee wamelala humo, na miamba ambapo pimbi waliota jua bila kuogopa watu. Katika maji ya chini ya miamba samaki wadogo wa bluu na wa njano walikuwa wakila mwani wa mawe, wakionekana wazi kabisa. Alikuwa ameota kuwaona samaki hao tangu chuo cha ualimu. Sasa aliwatazama na asione raha yoyote. Kila mtu aliyekutana naye alimpa mikono miwili, na kila mkono ulimchoma. Alitamani angetukanwa.

Saa nane mchana watu walikusanyika uani. Urbani alileta jagi na beseni. Gaudiosa alimwomba pembeni kama mtu mwingine anaweza kumimina. Alisema mkono unamtetemeka. "Acha utetemeke," mzee akamjibu, "ndio uliotia udongo." Basi akamimina. Maji yakapita juu ya vile viganja vigumu, wanawake wakapiga vigelegele, na Mama Ottilia akafunga macho kwa muda mrefu. Alipoyafumbua alionekana amepungua miaka kumi. Aliwaaga watu, akaenda moja kwa moja nyuma ya nyumba, akatoa udongo uliokuwa umefunikwa kwa gunia, akaunyunyizia maji na kuanza kuukanda. Akamwita Gaudiosa akae karibu naye, maana alikuwa amesikia kwamba mwalimu anapenda kuona.

Alifinyanga bila gurudumu wala kifaa, ngumi moja ndani na kiganja kingine nje, akizunguka yeye badala ya kuzungusha chungu. Gaudiosa alikuwa ametoka Litembo kwa ajili ya hicho hasa. Hakuweza kukitazama, aliangalia miguu yake.

"Nimefikiri," Mama Ottilia akasema huku akipandisha ukingo. "Hivi vyungu nikivichoma, Emerensiana ataniuzia Mbamba Bay. Nitapata nauli. Mwezi wa nane nitapanda hilo lori nije kwako, unipeleke niuone ule msalaba. Nitauweka mkono pale kwenye jina."

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya Gaudiosa ilikuwa na urefu wa siku moja na nusu, ikaishia pale. Angeweza kusema karibu sana, mama, kisha akahama shule. Wazo hilo lilimpitia, tusimtakase. Lakini alimwona yule mama ameshuka kwenye lori na furushi lake la nguo, anauliza watu nyumba ya mwalimu, na akajua kuwa akinyamaza sasa hatakuwa mtu tena.

"Mama, hakuna msalaba," akasema. "Yaani sijui kama upo. Sikumzika Frederick. Sikumjua. Nilisikia jina lake kwenye boti. Mimi nimekuja kutembea tu, kuona kisiwa, nikaona haya kusema. Yale mazishi niliyokusimulia yalikuwa ya baba yangu."

Mikono ya Mama Ottilia ilisimama ndani ya chungu. Gaudiosa alisubiri kofi, au kelele za kuita watu. Alizitaka.

"Jeneza la mninga?"

"La baba yangu."

"Na wale waliobeba?"

"Walimbeba baba yangu, mama. Nisamehe."

Yule mama akageuza uso kuelekea ziwani, kisha akamrudia. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa na kitu kibaya kuliko hasira.

"Sasa kama si wewe," akauliza, "nani amemzika mwanangu?"

Gaudiosa alipiga magoti kwenye vumbi lile la udongo, akasema ataondoka sasa hivi, ataomba radhi mbele ya watu wote, mbele ya mchungaji.

"Hutasema kitu," Mama Ottilia akamkatiza. "Wewe utasema, moyo wako utapoa, utapanda boti. Mimi nitabaki na watu wanaojua kwamba mwanangu hakupata hata mtu mmoja wa kuja. Leo watalala wakijua alibebwa na wanaume sita. Waache walale."

Akaukandamiza ukingo wa chungu kwa kiganja. Ukajikunja, ukarudi kuwa donge, na donge akalifunika kwa gunia kama lilivyokuwa. Akasema akiulizwa na watu atawajibu kuwa udongo umekaa mno, umeharibika. Kisha akaenda jikoni kumpikia mgeni wake uji, kwa sababu mgeni ni mgeni.

Asubuhi ya Jumatatu kisiwa kizima kilimsindikiza. Hiyo ndiyo adhabu aliyopewa, na aliitumikia yote. Walimwimbia. Emerensiana alimpa furushi la usipa wakavu, mtu mwingine akamkabidhi kuku jike aliyefungwa miguu, na alipojaribu kukataa wakacheka na kusema watu wa milimani wana haya sana. Urbani alimshika bega. "Mungu akulipe, mwalimu. Ulitusitiri." Gaudiosa alisema asante. Alisikia neno hilo likitoka kinywani mwake, na alijichukia kwa jinsi lilivyotoka laini.

Mama Ottilia alikuja mwisho. Ndani ya kucha zake udongo wa jana ulikuwa umekauka, hakuwa ameuosha. Alimshika mikono yote miwili mbele ya watu, akazungumza kwa sauti ya kawaida, kama anayetuma salamu.

"Mwalimu, wewe unapenda kutazama. Basi ukifika Mbinga nenda ukanitazamie mwanangu. Tafuta mpaka umwone. Halafu urudi uniambie ulichokikuta, hata ukikuta majani matupu."

Watu waliitikia kwamba hayo ni maneno mema, mama anataka kaburi la mwanawe lisisahaulike. Gaudiosa alisimama na kuku kwapani na machozi yakimtoka, na wote wakadhani wanajua analia nini.

"Nitakwenda, mama," akasema. "Na nitarudi."

Kati ya yote aliyowahi kuwaambia watu wa kisiwa kile, hilo peke yake lilikuwa bado linaweza kuwa kweli. Mama Ottilia aliachia mikono yake, akarudi nyumbani kukaa kwenye mkeka.