Upande wa Kibla

Mshonaji na mama mkwe wake, waliokimbia vita kwao, waliletwa kwenye nyumba waliyotafutiwa na waumini wa kanisa. Ndani mlikuwa na vitanda viwili, masufuria na cherehani. Mama mkwe aligoma mlangoni.

"Waulize wanataka nini," alinong'ona. "Kama ni kubadili dini, turudi kambini."

Mshonaji alichungulia jikoni. Chini ya sinki alikuwa fundi bomba, mzee wa kanisa, akikaza koki. Akimuudhi huyu, watalala wapi?

"Samahani, baba," alisema. "Sisi ni Waislamu. Tutaruhusiwa kuswali humu?"

Fundi aliinuka, akajifuta mikono taratibu mno. Mshonaji akajuta kufungua mdomo.

"Kibla ni upande gani?" fundi akauliza.

"Sijui, baba. Ndiyo kwanza tunafika."

"Hata mimi sijui. Ngoja nimuulize mwenzangu wa kazini, yeye hakosi msikitini." Akapiga simu, akasikiliza, akaonyesha dirishani. "Huko. Na wewe mama, ingia basi, unatuingizia mbu."

Mama mkwe aliingia, ila mabegi hakuyafungua mpaka wiki ya pili.