Sponji Nyeupe Pe

Kwaru, kwaru, kwaru. Kulikuwa hakujapambazuka bado, na Bibi alisikia mtu anasugua kitu nyuma ya jiko. Alijua ni wifi yake, dada wa mumewe, aliyekuja juzi kuwasaidia. Masufuria hayo, alijiambia, Mungu ambariki. Akavuta shuka, akalala tena.

Angejua, angetoka mbio bila hata ndara.

Kwa wiki kadhaa nyumba ile haikuwa na raha. Tangi la samaki lililochukua ukuta mzima wa sebule lilikuwa limeanza kuvuja. Ndani yake waliishi nyenga wawili wa maji baridi, wale samaki bapa wenye mwiba mkiani, ambao Bibi aliwalea tangu wakiwa wadogo kama visosi. Jike sasa alikuwa mpana kama sinia, na Sinia ndilo likawa jina lake. Dume aliitwa Kisosi mpaka leo, na hakulalamika.

Fundi wa vioo alikuja, akapima, akaenda "mara moja" kuchukua kifaa, akapotea. Aliporudi alileta kioo kifupi. Kirefu kilipopatikana, gundi ikapakwa na kusubiriwa ikauke. Halafu zile kokoto zilizokuwa zikimkwaruza Sinia tumbo zikatolewa, na mchanga laini ukaoshwa ndoo baada ya ndoo hadi kiuno cha Bibi kikagoma. Muda wote huo nyenga walikaa katikati ya sebule, kwenye bwawa la plastiki la kuogea watoto, na kila aliyeingia alijikwaa hapo.

Sinia alikuwa amesusa chakula. Mifupa ya nyonga ilianza kuchomoza karibu na mkia, na Bibi alijua akikaa humo zaidi atamzika.

Leo hatimaye tangi lilikuwa tayari. Bibi alitoka nyuma kuchukua sponji za kichujio, zile zinazosafisha maji ya tangi, akazikuta kwenye kamba ya nguo, kati ya taulo na foronya, zimebanwa vibanio, nyeupe pe.

"Wifi," alisema taratibu, "hizi umezitoa wapi?"

"Kwenye ile ndoo ya maji machafu. Zilikuwa kama zimetoka chooni! Nimepiga sabuni zikakataa, nikazitia dawa ya madoa. Nusa, wifi, nusa uone."

Bibi hakunusa. Aliigeuza ndoo, akaikalia.

"Ule haukuwa uchafu wa kutupa. Mle mna vijidudu vinavyokula mikojo ya samaki. Vimeota kwa miezi. Bila hivyo, maji ya tangi yatawaunguza nyenga hadi wafe."

"Kuna nini tena huko?" Babu aliuliza kutoka sebuleni.

"Dada yako kafua sponji!"

Babu akachungulia dirishani. "Zimetakata?"

"Mume wangu, leo usinianze."

Alitaka kupiga kelele, na maneno yalikuwa tayari yamefika kooni. Lakini aliona vidole vya wifi yake, vyekundu, vimechubuka kwa dawa. Huyu aliamka gizani, hata taa hakuwasha, asije akawaamsha watu. Bibi akameza hasira, ikashuka kama kidonge kisicho na maji.

Ndipo akakumbuka. Daktari wa meno alipoweka tangi la samaki kwenye chumba cha wagonjwa, Bibi alimkatia nusu ya sponji yake kongwe. Alipiga simu, ikaita, ikaita, haikupokelewa. Kuondoka hawezi, maji ya bwawa yanataka kubadilishwa.

"Naenda mimi," alisema wifi, mtu ambaye hakuwahi kumfungulia daktari wa meno mdomo tangu aolewe.

Alirudi mchana, mfuko wa maji kaupakata kama mtoto, gauni limelowa rangi ya matope mbele nzima.

"Nesi ananiuliza, mama, jino gani linauma? Nikamwambia, mwanangu, mimi nimekuja kuomba uchafu."

Babu alicheka hadi akashika mbavu. Daktari, ikajulikana, alitoa kipande kikubwa kuliko alichobakiza, akaubeba mfuko mwenyewe hadi barabarani.

Waliipachika sponji. Pampu ikaunguruma, ikazima, ikapigwa kofi, ikaunguruma tena. Wakawahamisha nyenga kwa karai, wifi akishika upande mmoja huku amefumba macho. Sinia akajifukia mchangani. Bibi akamshushia nyungunyungu kwa koleo. Akakataa. Akamshushia tena. Akageuka akampa mkia.

"Kula basi, mwanangu, umenichosha!" Bibi alibwaga koleo mezani, machozi yakimlengalenga.

"Wifi," alinong'ona mwenzake, uso umegusa kioo. "Tazama."

Sinia alikuwa ameteleza juu ya nyungunyungu, akamfunika kama kitambaa. Alipoinuka, mchanga ulikuwa mtupu.

Asubuhi wifi alisimama mlangoni na begi lake. "Niende zangu mapema, nisije nikafua na samaki wenyewe."

Bibi akalichukua lile begi, akamsindikiza nalo hadi getini.

"Kila mwisho wa mwezi sponji husuuzwa," alisema. "Kwa maji ya tangi lenyewe. Unaikamua mara mbili tu, unaiacha na weusi wake. Na kiuno changu unakijua. Wifi, njoo tena, unisuuzie."