Moshi Unaokunywa Umande

Hivi wewe umewahi kuuona moshi ukinywa maji? Restuta hakuwahi. Angekuwa ameuona, labda leo mjukuu wake Helena angekuwa pale uani, anaokota korosho zilizovunjika na kuzitia mdomoni kabla hazijapoa.

Restuta alishuka kutoka Newala baada ya kumzika mumewe, akaja kukaa Mtanda, pale Lindi mjini, kwa mwanawe Stefano. Stefano ni fundi wa kuchomelea, na kazi zilikuwa zimempeleka Mtwara. Nyumbani wakabaki watatu: Restuta, mkwewe Emerensiana, na huyo Helena, mtoto mwenye pumu. Kifua chake kilikuwa kama mlango wenye bawaba mbovu. Siku za baridi ulikisikia kinalia hata ukiwa chumba cha pili.

Kazi ya Restuta ilikuwa kuchoma korosho. Alikuwa na bati lake kuukuu lililotobolewa kwa msumari, mafiga matatu, na mti mrefu wa kugeuzia. Korosho zikishika moto, maganda hutema mafuta, na moshi wake mweusi huwasha macho kuliko pilipili kichaa. Restuta huzimwaga chini, akazizima kwa mchanga, kisha akakaa kitako na jiwe lake kubangua. Kule Newala alichomea ukingoni mwa mlima, upepo ukaubeba moshi wote bondeni. Mtanda nyumba zimebanana, na jirani yake Nusaiba hakuwa mtu wa kumeza maneno.

"Shikamoo, Mama Stefano," alisema siku moja, akichungulia juu ya ua, macho mekundu.

"Marahaba, mwanangu."

"Korosho zako tamu, sina neno. Ila nguo zangu kwenye kamba zimeiva kuliko hizo. Nikipita sokoni wananiuliza nauzaje kipimo."

Restuta alicheka, lakini aibu ilimwingia. Mgeni hagombani na wenyeji. Akabadili saa, akawa anachoma alfajiri, umande haujakauka, watu bado wamefunga milango. Tena akawa anayanyunyizia maji maganda anayochochelea moto, maana kwao vumbi hutulizwa kwa maji, na yeye aliuhesabu moshi kuwa ni vumbi la moto.

Ilikuwa masika. Mawingu yamevikalia vilima, bahari imenyamaza, na chumvi jikoni imelia hadi kopo limejaa maji. Moshi ulitoka kwenye bati, haukwenda popote. Ukageuka mweupe, mzito, ukatanda uani kama ukungu na kupenya juu ya kuta, pale paa lisipokutana na tofali. Nusaiba, ambaye nyumba yake iko juu kwenye mteremko, hakulalamika tena.

"Umeona?" Restuta alimwambia mkwewe. "Umande umeuosha. Hauna hata weusi."

"Ndiyo, mama."

Emerensiana alilelewa kwa adabu za kwao. Humsalimu mama mkwe kwa kupiga goti, hamkatizi, hamsahihishi. Ila kila alfajiri Restuta aliikuta khanga imeviringishwa na kusokomezwa chini ya mlango wa chumba cha mtoto. Akadhani ni ya mbu. Mbu wa Lindi wana ukaidi wao. Alikuwa akiisogeza kwa mguu, aingie kumpa Helena korosho ya moto.

Asubuhi moja ukungu uliamka mnene kiasi kwamba mafiga hayakuonekana kutoka mlangoni. Restuta alichoma hivyohivyo. Alipoingia na korosho mkononi, alimkuta Helena ameketi kitandani, mabega yanapanda na kushuka, midomo imekuwa ya kijivu. Hakuinyooshea mkono korosho.

Walimkimbiza hospitali kwa bajaji. Akawekewa oksijeni. Tabibu mmoja, Romani, alimtoa bibi nje kumuuliza habari za nyumbani, na Restuta akamweleza yote, mpaka ule umande.

"Bibi, sukari yako masika hii ikoje?"

"Imeshikamana, baba. Na chumvi imelia yote."

"Basi moshi wa kuni na maganda una chembechembe za namna hiyo, ndogo kuliko unga, hazionekani kwa macho. Hewa ikiwa kavu zinabaki ndogo, upepo unazitawanya. Hewa ikiwa na unyevu, kila chembe inakunywa, inavimba. Na asubuhi hizi za baridi hewa imelala chini, haipandi. Umande hauuoshi moshi. Unaunenepesha."

"Ule mweupe?"

"Ule mweupe ni uleule mweusi, bibi. Umeshiba tu."

Restuta alikaa kwenye benchi. Ile korosho bado ilikuwa kiganjani, imepoa.

Helena hakuivuka siku ile. Walimzika mvua ikinyesha, udongo unateleza chini ya miguu ya wachimbaji. Matanga yakaanuliwa, Stefano akarudi Mtwara na macho yake yaliyovimba, na nyumba ikawa na vyumba vingi kuliko watu.

Alfajiri iliyofuata Restuta aliamka kwa mazoea. Bati lilikuwa limeegemea ukuta. Hakuligusa. Khanga bado ilikuwa pale chini ya mlango, hakuna aliyekumbuka kuiondoa. Akainama akaiokota, akaifungua mkunjo kwa mkunjo. Ilinuka mafuta ya korosho. Upande uliokuwa ukielekea uani ulikuwa na mstari mweusi, umekolea mpaka maandishi yake hayasomeki.

Emerensiana alitoka na ndoo, akaiweka chini, akapiga goti. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Khanga hii ilikuwa ya mbu?"

Mkwewe aliutazama ule mstari mweusi.

"Hapana, mama."

"Ilikuwa ya nini?"

Emerensiana hakuinuka, lakini aliinua uso. Tangu aolewe hakuwahi kumtazama mama mkwe machoni.

"Nilitaka kukuambia, mama, tangu alfajiri ya kwanza: Usiwashe. Helena hapumui."