Sukari Iliyotangulia

Simu ya marehemu mume wangu, Fahad, ililia nikiwa nimeshamwaga sukari sufuriani. Kwenye kioo ikatokea sura ya mama yake, aliye Punjab, ambaye kwa miaka tisa hakutaka hata kuniona. Fahad akiongea naye alikuwa akitoka kwenda barazani na kufunga mlango. Nami nilikuwa nabaki ndani, nimenuna.

Ilikuwa arobaini yake. Baada ya alasiri watu wa msikitini wangekuja kwetu, mtaa wa Rosettenville, kumsomea, na nilikuwa nimeapa kuwalisha zarda, wali mtamu wa njano wa kwao Punjab. Kila Idi Fahad aliupika mwenyewe, akinifukuza jikoni. Nikajiambia, wali ni wali. Mimi mtoto wa Buyenzi, Bujumbura. Pilau ya watu mia hainitishi. Kiburi tu.

Nilipopokea, mama mkwe hakunisalimia. Macho yake yalikuwa yamevimba. Alininyooshea kidole nisogeze simu, nikamwonyesha sufuria: samli, iliki, zabibu kavu, na mchele ulioiva nusu, umelowa sukari.

“Nahi,” akasema, akajipiga paji la uso.

Katika lugha yao nalijua neno hilo tu, ni hapana. Lakini hapana nini? Nikaongeza maji, nikazidisha moto, nikafunika, nikafunua. Mchele haukulainika ng'o. Nilipotia punje mdomoni, ilikuwa changarawe. Ndipo nikajua kosa langu: wali ukikutana na sukari kabla haujaiva, hauivi tena. Eish, nililia. Tangu tumzike Fahad nilikuwa sijalia, na sasa nalia mbele ya mtu niliyeapa hataona chozi langu.

Hakukata simu. Alilia na yeye, akajifuta kwa ushungi. Kisha akasogeza mkono karibu na kamera, akafikicha kidole gumba na cha shahada, polepole. Fahad alikuwa akifanya hivyo hivyo juu ya sufuria, nami nikimcheka kwamba ana madoido. Kumbe alikuwa anaponda punje, kutafuta kama ina kiini kigumu.

Nikaosha mchele mwingine. Mara tatu nilimpondea punje mbele ya simu, mara tatu akatikisa kichwa. Ya nne ilipondeka yote. Akaitikia kwa kichwa, nikatia sukari.

Miaka miwili imepita, na bado nakumbuka alichofanya nilipofunua. Aliugeuza mkono wake ulioshika simu. Nikaona ua wa nyumba yao, wanawake wamejaa mkekani kwa arobaini hiyo hiyo, na sufuria ya zarda kama yangu. Wakageuka wote kunitazama. Akawatajia jina la Fahad, akagusa kifua chake, kisha akaninyooshea kidole mimi.

Nikafunga kilemba vizuri. Simu nikaiegemeza kwenye kopo la sukari, wanione, nikaanza kupakua.