Pamba Iliyofuliwa

Kokubanza alikuwa ametoka Kamachumu kumuuguza binti yake Edvina, aliyejifungua kwa shida Muleba na kuletwa pamoja na kichanga chake hospitali ya Bukoba. Mtoto alizaliwa bila kulia. Hewa ilimpungukia, na sasa daktari Josia alikuwa na wasiwasi na figo zake.

"Damu huchelewa kusema," aliwaeleza. "Figo zikiumia leo, damu inaweza kuonyesha kesho kutwa. Mkojo husema mapema. Figo zikijeruhiwa, kuna protini hupanda ndani yake. Tukiiona nitambadilishia dawa, maana hii anayochomwa ya maambukizi inaweza kuziumiza zaidi."

Asubuhi hiyo muuguzi Judica akaweka pamba ndani ya nepi, akaitwa kwa mtoto mwingine. Kokubanza alipofunua akakuta pamba imelowa, akaona aibu. Kwao bibi hamwachii mtu baki uchafu wa mjukuu wake. Akaitoa, akaifua bombani kwa sabuni, akaikamua, akaianika dirishani.

"Bibi, pamba iko wapi?" Judica aliuliza aliporudi.

"Ile pale, mwanangu. Imeshatakata."

Klaudia, mzazi wa kitanda cha jirani, akaangua kicheko. "Ungeipiga na pasi kabisa, bibi!"

Judica hakucheka. "Mkojo ule ndio tuliokuwa tunausubiri."

Klaudia akajifanya anatafuta kitu chini ya mto.

Pamba nyingine ikawekwa, ikakaa kavu. Saa ya sindano ikafika. Jibu halikuwepo, na maambukizi hayangoji mtu. Mtoto akachomwa dawa ileile. Alasiri ndipo yakatoka matone machache. Judica akayavuta kwa bomba la sindano, akakimbia nayo maabara. Jibu likaja: protini imepanda sana. Josia akaisimamisha ile dawa, akaandika nyingine. Lakini kope za mtoto zilikwisha kuvimba, na pamba haikulowa tena.

Kokubanza akamvuta Judica pembeni. "Ile sindano ya mchana. Ningeuacha ule mkojo, asingechomwa?"

Judica akamshika bega. "Huenda. Lakini figo ziliumia tangu kuzaliwa, bibi. Na mimi nilipaswa kukwambia usiiguse."

"Hukuniambia," Kokubanza akasema taratibu. "Nami sikuuliza." Kisha akasema, "Nipatie maji safi kidogo."

Edvina akainuka kitandani. "Mae, maji ya nini? Kwani anakufa?"

"Sijui, mwanangu. Akienda, asiende bila jina."

Akammiminia mtoto matone utosini, akamwita Evarist, akambatiza kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Edvina akageukia ukutani. Kokubanza akamfuta mjukuu wake kichwa kwa ncha ya kanga, kisha akarudi nyuma, akaificha mikono yake chini ya kanga, asithubutu kugusa kitu kingine chochote.